Rundo la Samaro

Machi 4

Mimi, Dhokal Tekam wa Jamunpani, ndiye mtu pekee katika msitu huu wote aliyewahi kumzaba kofi chui milia, akaondoka zake kichwa chini. Nimeyasema haya sokoni, harusini na matangani, na hakuna anayenibishia isipokuwa jirani yangu Bhaddu, kwa sababu niliyemzaba kofi alikuwa ndama wa nyati wake wa maziwa. Kulikuwa na ukungu. Basi, ukweli nimeuandika mara moja, mtu asinidai tena.

Naandika kwa sababu mkwe wangu Rambati amechoka kunisikiliza. Mwanangu yuko mjini Nagpur anachanganya zege, kwa hiyo nyumbani tuko mimi, Rambati, binti yake Phaguni na ng'ombe. Mke wa mwana haongei na baba mkwe. Hujitanda ushungi usoni akaongea na kitu kingine, ili baba mkwe asikie. Rambati huongea na ng'ombe. Leo asubuhi alimwambia, "Kuna watu humu wanarudia hadithi moja tangu juzi. Wangekuwa na akili wangeiandika, karatasi haina masikio." Ng'ombe akatafuna. Mimi nikatafuta daftari. Darasa la nne nilifika. La tano lilinikimbia.

Machi 5

Maua ya mti wa mahua, tunayoyaokota kwa chakula na pombe, bado hayajaanguka.

Machi 7

Bwana Mkubwa wa misitu alikuja na magari mawili. Akasema Kalbarra, ambayo tangu ujana wetu ni hifadhi ya wanyama wote, sasa serikali imeifanya hifadhi ya chui milia.

Nikamuuliza, "Na kulungu wamefukuzwa kazi?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alisema kijiji chetu kiko katika kiini cha hifadhi, na kiini kinatakiwa kiwe kitupu. Tutakaohama kwa hiari yetu tutapewa nyumba na shamba huko Semarkheda, kando ya barabara ya lami. "Kwa hiari," alirudia, huku akiyapima mapaa yetu kwa macho. Lakini lazima mkutano wa kijiji ukubali.

Bhaddu ndiye anayetufungia mipaka, yaani kila mwaka anazunguka kijiji na kumsihi Bagh Deo, mungu wa chui milia, asilete watoto wake majumbani. Akasimama, akajikuna, akasema, "Mkubwa, hata Bagh Deo ana hiari yake. Naye ataulizwa." Bwana Mkubwa akaandika kwenye karatasi. Sijui aliandika nini. Pengine aliandika "mzee anajikuna."

Tulisikia pia kwamba kamera walizofunga mitini zimeonyesha chui milia watatu. Wawili tunawajua. Wa tatu, askari wa misitu Nandkishor alininong'oneza, ni Bhaddu amejifunga blanketi lake la mistari anakwenda haja.

Machi 9

Nandkishor huyo ni kijana wa bondeni, ana bunduki ambayo sijawahi kuisikia. Mwaka jana dubu jike alimpandisha mti na suruali ikabaki chini. Dubu akaichana akaenda zake. Mimi ndiye niliyemkuta, na mimi ndiye niliyemwambia bosi wake kwamba kijana alipambana na dubu kiume mpaka nguo zikararuka. Alipewa suruali mpya na pongezi mbele ya wenzake. Tangu hapo akiniona anatazama pembeni.

Machi 14

Maua yameanza. Zamani tungechoma majani makavu chini ya mti ili maua yaangukie pasafi. Mwaka huu moto marufuku. Bhaddu anafagia msitu kwa ufagio wa nyumbani. Nimemwambia amalizie kwa kupiga deki.

Machi 16

Kufika kwenye miti yetu ya mahua lazima upite rundo la Samaro. Samaro alikuwa mke wangu. Alfajiri moja alikuwa ameinama anaokota maua, na chui milia akaona kitu kimeinama. Kwa chui milia, kitu kilichoinama ni kulungu. Ndiyo hadithi yote hiyo, haina sehemu nyingine.

Wafu wetu wengine hurudi nyumbani. Tunawaita, wanakuja, wanakaa jikoni pamoja na wazee waliotangulia. Aliyechukuliwa na chui milia harudi. Anabaki palepale alipoangukia. Kwa hiyo kila anayepita anamwekea jiwe, au tawi kama mawe hayako karibu, ili ajue watu bado wapo. Hata mgeni anayekwenda sokoni, hata asiyejua ni rundo la nani, anaweka. Sasa rundo linanifika kifuani.

Niliweka langu. Niliokota nusu kapu. Nilirudi nikanywa uji.

Watu huniuliza kama namchukia yule mnyama. Nimejaribu. Chuki haikai.

Machi 19

Maua mengi. Mgongo.

Machi 26

Sikukuu ya Holi. Nilikunywa pombe ya mahua nikamwimbia ng'ombe. Rambati alimwambia ng'ombe avumilie.

Aprili 3

Mkutano wa kijiji. Vijana wanataka kuhama, wazee wanakohoa. Nilikuwa nimejiandaa kufanya mzaha mmoja mzuri kuhusu Bwana Mkubwa na mapaa, lakini Rambati akasimama kabla yangu.

Hapakuwa na ng'ombe, basi akaongea na nguzo ya banda. "Nguzo," alisema, "wewe ulikuwepo mvua ya mwaka jana. Phaguni alipowaka homa tulimbeba kwa kitanda mpaka mtoni, mto umejaa, tukakaa ng'ambo hii tunayatazama maji. Yalipopungua na tukafika hospitali, mguu wake ulikuwa umeshalala. Leo anauburuta. Huko Semarkheda hakuna mto wa kuvuka, nguzo. Mimi nataka kuhama."

 Mimi ni babu yake Phaguni, na mguu ule nauona kila siku. Lakini mdomo wangu hauna mlango. Nikasema, nami nikiitazama nguzo, "Na nguzo inasemaje kuhusu mama mkwe wako? Wote tukihama, nani atapita pale?"

Rambati akakaza ushungi.  Bhaddu akasema tuache Bagh Deo aamue, watu wakaenda zao wakiwa wamefurahi kwamba si wao wa kuamua.

Aprili 8

Bhaddu alikuja kuvuta bidi, sigara yetu ya majani, kizingitini kwangu.

"Kuku atatoka kwako," akasema.

"Kwa nini kwangu? Una kuku wengi kuliko watoto."

"Nyumba iliyoliwa ndiyo inayotoa kuku. Usijifanye umesahau, mzee."

Najua. Bagh Deo huulizwa kwa kuku wa nyumba ambayo watoto wake wamechukua mtu. Mchele unawekwa mbele ya jiwe lake, kuku anaachiwa. Akidonoa, mungu amekubali. Asipodonoa, amekataa, na hakuna afisa wala mkutano utakaobadilisha.

"Ukitaka kubaki," Bhaddu akasema, akipuliza moshi, "omba mungu wako."

"Mungu wangu ana matumbo ya kuku," nikasema.

Akacheka mpaka akakohoa. Hakuelewa.

Aprili 12

Nimemfungia kuku mwekundu nyuma ya nyumba. Kesho ndiyo kesho. Tangu asubuhi namlisha nafaka ya kodo, maua ya mahua, makombo ya wali, mchwa. Gole lake la shingoni limejaa kama mfuko wa mwanafunzi. Jioni alikaa tu, mdomo wazi, ananitazama kama mgeni aliyelazimishwa kuongezwa wali harusini. Nikamwongeza.

Kuku aliyeshiba hadonoi. Hili halihitaji darasa la tano.

Aprili 13

Alfajiri nilimlisha tena. Kisha nikambeba kwapani mpaka mpakani, kwenye jiwe jekundu la Bagh Deo. Kijiji kizima kilikuwepo. Nandkishor naye alikuja, amesimama mbali, kofia mkononi.

Bhaddu alimwaga pombe kidogo chini, akaita majina, akaweka kiganja cha mchele. "Baba wa wenye milia," akasema, "wanao wanataka nafasi. Nasi wanao tunataka barabara. Ukikubali tukubebe tuhame nawe, kula. Ukikataa, usile."

Nikamweka kuku chini. Alisimama. Hakuweza hata kutembea vizuri, tumbo lilikuwa linagusa ardhi. Akaupa mchele mgongo. Nilimsikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Kuku akafumba jicho moja.

Tulikaa hivyo muda mrefu. Jua likapanda. Vijana walianza kutazama chini. Nilimtazama Rambati kwa kuiba, amejitanda ushungi mpaka kidevuni, Phaguni amemshika kiunoni, mguu ule umewekwa pembeni kama fimbo aliyoazima. Nilitazamia nifurahi. Nilisubiri furaha kama mtu anayesubiri kupiga chafya. Haikuja.

Ndipo kuku akageuka. Polepole, kama kikongwe aliyesahau kitu. Akauendea mchele akadonoa punje. Akapumzika. Akadonoa nyingine. Akala wote, kuku yule, nusura apasuke, mpaka jiwe la Bagh Deo likabaki tupu.

Watu walipiga kelele. Bhaddu alinikumbatia. "Amekubali, mzee, umeona alivyokula! Sijawahi kuona kuku mwenye njaa namna hii!"

Nikasema hata mimi sijawahi.

Aprili 14

Asubuhi Rambati alileta uji. Ng'ombe alikuwa ameshapelekwa malishoni. Rambati akasimama mlangoni, akatazama huku na huku, hakuona wa kuongea naye.

"Baba," akasema. Kwangu. Moja kwa moja.

Nikaweka bakuli chini.

"Nilikuona ukimlisha yule kuku. Juzi, na jana alfajiri."

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Nilimwonea huruma kuku." Kisha akasema, "Asingekula, ningebaki. Nisingenung'unika."

"Ungenung'unika kwa ng'ombe."

"Kwa ng'ombe, ndiyo."

 Nilikuwa nikimdhani mwanamke wa barabara ya lami tu, anayetaka feni na runinga. Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aolewe, na nikaona ana kovu dogo kwenye nyusi ambalo sikuwahi kulijua. Akaokota bakuli, akaondoka. Uji ulikuwa na chumvi vizuri.

Aprili 20

Joto.

Aprili 21

Joto.

Aprili 28

Watu wa misitu wametandika njia mpya ya doria ndani ya msitu, kutoka kambi yao mpaka upande wa mahua. Vibarua wa mjini. Nasikia wanapiga redio.

Mei 2

Msimu wa kuchuma majani ya bidi umeanza. Nilikwenda na kamba yangu na fimbo yangu. Nilipokaribia rundo nikainama kuokota jiwe, nikainuka nalo, nikakuta sina pa kuliweka.

Hapakuwa na rundo. Palikuwa na duara la ardhi mbichi, nyeupe, kama sehemu ya kichwa iliyonyolewa. Jongoo wawili. Nilidhani nimekosea njia. Nikarudi nyuma mpaka mti wa saja wenye pango, nikaja tena. Palepale.

Nikafuata alama za magurudumu. Hazikwenda mbali. Pale kijito kinapokatiza njia mpya walikuwa wameweka mawe ya kupitishia gari, yamepangwa vizuri, yamesindiliwa kwa udongo. Nililitambua langu moja, jeupe lenye mshipa mwekundu, nililiweka mwaka ambao Phaguni alizaliwa. Karibu yake lilikuwapo la Bhaddu, kubwa la kijinga. Bhaddu siku zote anataka jiwe lake lionekane.

Nandkishor alikuwa hapo na vibarua wawili. Akaniona nimesimama na jiwe mkononi, akaanza kutabasamu, kisha akaacha.

"Babu, kuna nini?"

"Mawe haya mmeyatoa wapi?"

"Hapo juu tu. Kulikuwa na rundo limekusanywa. Nilidhani la wachungaji, la kujengea banda. Nikasema kijiji chenyewe kinahama…"

"Uliwaambia wewe?"

"Mimi ndiye niliyewaonyesha." Uso wake ulianza kubadilika. "Babu, lilikuwa la nini?"

Nikamweleza. Nilieleza kama ninavyoeleza bei ya chumvi. Kwao bondeni hakuna chui milia, hivyo hawana marundo, angejuaje? Mmoja wa vibarua akazima redio. Nandkishor alikaa chini kwenye tope na suruali yake mpya ya serikali.

"Nitayang'oa," akasema. "Leo leo. Nitayarudisha moja moja."

"Na gari la Mkubwa litapita wapi kesho?"

Akachimba tope kwa kidole. Nilitaka kukasirika, hasira niliiita kabisa, kama unavyoita mbuzi. Haikuja. Nikaona tu kwamba walikuwa wameyapanga vizuri, na kwamba Samaro asingependa yapangwe vibaya. Nikavuka kijito juu ya mawe hayo. Miguu haikulowa.

Jiwe langu la siku ile nilirudi nalo nyumbani. Sikujua nilifanye nini. Liko hapa mezani, linashikilia daftari.

Mei 3

Sikumwambia mtu. Nandkishor ndiye aliyemwambia Rambati, kisimani, akilia, hivyo ndivyo Bhaddu anavyoniambia.

Mei 4

Niliamka nyumba tupu. Nikasikia sauti za wanawake zinaelekea mahua. Nikazifuata, kwa sababu uji haukuwepo.

Wanawake wote wa Jamunpani walikuwa kwenye lile duara jeupe. Rambati alikuwa wa kwanza, ameweka mawe mawili, moja lake na moja la Phaguni, ambaye hawezi kutembea mpaka kule. Wengine wakafuata.  Wakaweka, wakaenda kuchuma majani yao. Jioni waliporudi wakaweka tena.

Bhaddu alileta jiwe ambalo ilibidi alibebe na mpwa wake. Nikamwambia, "Unajenga hekalu?" Akasema, "Nyamaza, wewe mpiga ndama kofi."

Rundo jipya limefika kifundo cha mguu.

Mei 9

Nilimwona. Chui milia jike, kwenye njia mpya, saa ya jua kuchwa. Alivuka kijito juu ya mawe ya Samaro, taratibu, miguu haikulowa. Hakunitazama. Hakuongeza jiwe.

Mei 17

Limefika goti.

Mei 30

Bwana Mkubwa amesema malori yatakuja kabla ya mvua. Kila nyumba inavunja paa lake yenyewe, vigae vinahesabika kuwa vyetu. Rambati amempa kuku mwekundu uhuru wa maisha, hachinjwi. Siku hizi ananisalimu moja kwa moja kila asubuhi. Ng'ombe anaona wivu.

Juni 6

Bhaddu alimchimbua Bagh Deo, akamweka kapuni na majani mabichi juu. Ni jiwe dogo kuliko tulivyodhani. Sote tulishangaa, na sote tulijifanya hatukushangaa.

Nilimuuliza Bhaddu kama Samaro hawezi kubebwa vivyo hivyo. Nilijua jibu. Nilitaka tu mtu mwingine alitamke.

"Huyu amekubali," Bhaddu akasema, akiligusa kapu. "Yule hakuulizwa, mzee. Yule anakaa alipokaa."

"Ndiyo."

"Ndiyo hivyo."

Juni 8

Malori. Tulipita rundo kwa miguu kwanza, kijiji kizima, Phaguni mgongoni mwa mama yake. Limefika kiunoni. Mimi niliweka la mezani, lile nililokosa pa kuliweka.

Ndani ya lori Phaguni aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimekalia sufuria.

Juni 16, Semarkheda

Mvua ya kwanza. Nyumba zimepangwa mstari, milango yote inatazamana, huwezi kutoka uchi kidogo. Lami inatoa moshi. Daktari yuko karibu kiasi kwamba tunasikia pikipiki yake, na amesema mguu wa Phaguni utafanyiwa mazoezi, si kwamba utapona, ila utafanyiwa mazoezi. Rambati alilia kidogo. Nilimwambia ng'ombe amnyamazishe.

Hakuna mahua. Kuku mwekundu ametaga.

Juni 18

Ukurasa wa mwisho huu. Nitauchana. Rambati atampa dereva wa trekta anayepeleka mahindi kambini kwenu, kwa hiyo Nandkishor, mjukuu wangu, maneno haya ni yako.

Nasikia njia yetu ya soko imefungwa na ninyi tu ndio mnaopita siku hizi. Nasikia pia ulipewa pongezi nyingine kwa ile njia ya doria. Vizuri. Imepangwa vizuri kweli.

Sikudai suruali. Suruali ilichanwa na dubu, mdai dubu. Ila nilikusemea uongo mmoja mbele ya bosi wako, uongo wa kiume, wenye mapigano ndani yake, na hujanilipa. Nilipe hivi. Doria ikikupitisha upande wa mahua, dondosha jiwe rundoni. Si lazima liwe kubwa kama la Bhaddu. Na ukimkuta yule mwenye milia amesimama hapo, subiri apite, usipande mti.

Usiseme kitu. Dondosha tu, lisikike.